Nyumba janja kwa wazee wetu: ni ipi itakayowaachia kazi ya kufikiri?

#1 Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wanaobuni, wanaouza na wanaowanunulia wazazi wao vifaa janja vya nyumbani, na zaidi kwa ajili ya wazee wenyewe waliomo humu jamvini, kwa kuwa wao ndio wanaozungumziwa sana na kuulizwa kidogo.

Ukitazama vifaa vingi vinavyouzwa kwa jina la kumsaidia mzee, utaona vimeundwa ili mzee asifanye kitu: taa zijiwashe, mlango ujifunge, dawa zijigawe, orodha ya sokoni ijiandike. Kwa kijana anayekimbizana na daladala asubuhi, hiyo ni nafuu kubwa. Kwa mtu wa miaka 75 ambaye amestaafu, watoto wametawanyika, na maamuzi ya siku yake yamekwisha kupungua, kila kashughuli kadogo tunakomwondolea kanaondoka na sehemu ya kazi ambayo akili yake ilikuwa bado inaifanya. Kwa hiyo napendekeza nyumba janja ya mzee ipimwe kwa yale inayomwachia ayafikirie, na yale inayomfanyia yawe machache na yawe na sababu.

Kabla ya kuendelea, tuyaweke pembeni madai ya matangazo. Januari 2016 kampuni iliyomiliki Lumosity, programu maarufu ya michezo ya ubongo, ilikubali kulipa dola milioni 2 ili kumaliza shauri la Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, ambayo ilisema matangazo yake yaliwaahidi watu kinga dhidi ya kudhoofika kwa akili uzeeni bila ushahidi wa kutosha. Mwaka 2010 ulikuwa umekwisha kuchapishwa utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu 11,430 kwa wiki sita. Washiriki walikuwa hodari zaidi katika michezo ileile waliyoifanyia mazoezi, lakini uhodari huo haukuhamia kwenye kazi nyingine za akili. Ni kweli kwamba hao hawakuwa wazee. Walio wazee tunao katika utafiti wa ACTIVE wa Marekani, uliowachukua watu 2,802 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kumbukumbu, la pili kufikiri kwa mantiki, la tatu kutambua haraka kile macho yanachokiona. Baada ya miaka 10, kundi la tatu lilionekana kuwa na hatari ya dimenshia (maradhi yanayodhoofisha kumbukumbu na akili) iliyo chini kwa asilimia 29 kuliko wale ambao hawakufundishwa chochote, na makundi mawili ya kwanza hayakuonyesha tofauti ya uhakika. Asemaye kwamba mazoezi ya akili hayana maana amekosea, na asemaye kwamba mchezo wowote wa simu ni dawa amekosea zaidi.

Utafiti ninaouona wa maana kuliko yote kwa mbunifu wa nyumba hauna mchezo ndani yake. Unaitwa I-CONECT, nao ulifanyika Marekani kwa watu 186 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea walioishi katika upweke. Nusu yao walizungumza kwa video na mtu aliyefunzwa kuongoza mazungumzo, dakika 30 kila mara, mara 4 kwa wiki. Nusu nyingine walipigiwa simu fupi ya dakika 10 kila wiki. Baada ya miezi 6 wale wa mazungumzo walikuwa mbele kwa wastani wa alama 1.75 katika kipimo cha akili chenye alama 30. Tofauti hiyo si kubwa, lakini angalia ilitokana na nini: maongezi ya kweli, yenye mada, na mtu wa kweli. Kazi ya mitambo ilikuwa kufikisha sauti na sura, kisha kukaa kimya.

Sasa nije kwenye ubunifu wenyewe. Katika nyumba ya majaribio ya chuo cha Georgia Tech, mjini Atlanta, watafiti waliwahi kutengeneza kifaa cha jikoni kilichoitwa Cook's Collage. Kamera zilipiga picha za mikono ya mpishi juu ya meza, na skrini iliyofungwa kabatini ikaonyesha picha za hatua za karibuni. Mpishi aliyeitwa na simu katikati ya kupika, akarudi akiwa amesahau kama chumvi ameitia au bado, alitazama picha na kuamua mwenyewe. Kifaa hakikumwambia "tia chumvi". Kilimrudishia alichokifanya, na uamuzi ukabaki kuwa wake. Kule Toronto kulikuwa na mfumo mwingine, COACH, uliowasaidia watu wenye dimenshia kunawa mikono: kamera juu ya sinki ilifuatilia hatua, na sauti ilizungumza pale tu mtu alipokwama, kwanza kwa dokezo, kisha kwa maelezo ya wazi zaidi, na mwisho kumwita mlezi.

Ngazi hiyo ya madokezo ndiyo ningependa kuiona katika nyumba zetu. Chukua dawa ya presha ya saa mbili usiku. Kifaa cha kawaida hupiga kelele na kufungua kijisanduku. Kifaa ninachokifikiria kingeanza kwa kusema, "Mzee, saa mbili imefika," kikanyamaza. Baada ya dakika kumi, kama kijisanduku hakijafunguliwa: "Umeshakula, kuna jambo lililobaki kabla ya kulala?" Kisha ndipo kitaje dawa, na mwisho kabisa kitaje mahali ilipo. Siku nyingi mzee ataishia kwenye ngazi ya kwanza, na hapo atakuwa amekumbuka mwenyewe.

Kwenye gesi ya kupikia sitaki ngazi yoyote. Gesi ikivuja, ikatwe papo hapo, na maelezo yafuate baadaye.

Karibuni kwa maoni, hasa ya kunipinga.

#2 Muuguzi wa Kilimanjaro

Ahsante kwa uzi, mkuu. Nitakupinga mahali pamoja, kwa sababu nafanya kazi na wazee na jambo hili nimeliona mara nyingi.

Ngazi yako inamfaa mzee mwenye akili timamu anayesahau kidogo kama sisi sote. Kwa mzee ambaye dimenshia imekwisha kuanza, kupanda kutoka dokezo dogo hadi kubwa kuna maana kwamba kila usiku unamwacha akose kwanza, kisha umsaidie. Anachokikumbuka ni ile hisia ya kukosa. Kwa hao tunafanya kinyume: tunaanza na msaada kamili ili afanikiwe, halafu tunaupunguza taratibu kadiri anavyozoea. Kwa hiyo kifaa chako lazima kijue kinazungumza na nani, na hilo haliwezi kuwekwa mara moja kiwandani.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Mzee mwenye maambukizi ya njia ya mkojo au aliyepungukiwa maji mwilini anaweza kuchanganyikiwa ndani ya siku moja. Mashine inayojirekebisha yenyewe itaona anakosa, itashusha ugumu, na kila kitu kitaonekana shwari kwenye skrini ya mtoto wake, wakati mgonjwa alitakiwa kuwa hospitali. Mabadiliko ya polepole mashine iyafuate. Mabadiliko ya ghafla yampigie mtu simu.

Kuhusu maudhui, sisi Kilimanjaro tuna mfano wa karibu. Tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi, iliyobuniwa Uingereza, ilifanyiwa majaribio wilayani Hai kwa watu 34 wenye dimenshia ya kiwango cha chini na cha kati, vipindi 14 ndani ya wiki 7, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha akili zao zikiimarika. Idadi ni ndogo, lakini kanuni moja ya tiba ile ingewasaidia sana wabunifu: usimwulize mtu maswali yenye jibu moja, mwulize maoni. Ukimwuliza mzee "leo ni tarehe ngapi?" umempa mtihani. Ukimwonyesha picha ya kanga ya zamani na kanga ya sasa, ukamwuliza ipi angemnunulia bintiye na kwa nini, atazungumza robo saa, na hapo ametumia kumbukumbu, lugha na uamuzi kwa pamoja bila kuona kwamba anapimwa.

Kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya wazee wa huku, kinachoitwa IDEA, nacho kinatumia njiti za kiberiti zipangwe kwa kufuata mfano, kwa sababu kumpa kalamu achore mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani ni kumpima shule, na akili yake inabaki bila kupimwa. Nyumba janja inayodai kusoma na kuandika kwenye kioo itarudia kosa hilohilo.

#3 Mwalimu Mstaafu

Wanangu, mimi ndiye mnayemzungumzia. Nimestaafu ualimu, naishi Tanga, na umri wangu umepita 70.

Watoto wangu waliniletea kifaa cha kuzungumza nacho, wakakiweka sebuleni. Hakijui Kiswahili. Nilifundisha Kiingereza miaka mingi na bado kilinirudisha nyuma mara tatu tatu, kwa sababu natamka kama Mtanga. Kikaanza kunisalimu kila asubuhi na kuniuliza chemshabongo ambazo ningeona haya kumpa mtoto wa darasa la tatu. Nilikichomoa. Sikukichukia, nilichoka kudharauliwa kwa adabu.

Kuhusu taa na milango, mleta uzi umesema kweli. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya nyumba hii nainunua mwenyewe kwa simu, na zile tarakimu 20 naziingiza mwenyewe, nikizikata nne nne. Mjukuu wangu hunitaka nimwachie yeye, kwa heshima tu, nami humwambia akae. Sifanyi hivyo kwa ukaidi. Najua siku nitakayoshindwa kuzishika tarakimu nne kutoka kwenye simu hadi kwenye mita, nitakuwa nimejua jambo kuhusu afya yangu kabla ya daktari.

Lakini ninalo swali. Akili yangu inachangamshwa na bao barazani, mashimo 32 na kete 64, na wapinzani wanaojua kutukana bila kutumia tusi. Wenzangu wale sasa wamepungua. Wengine wametangulia, wengine wamehamishiwa Dar es Salaam kwa watoto wao. Hicho kifaa chenu kitaniletea nini ambacho kitafanana na hilo?

#4 Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo. Swali lako nimelikalia muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Nianze na upande wa utafiti. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya watu 469 wa Bronx, New York, waliokuwa na zaidi ya miaka 75, na ilionekana kwamba waliosoma, waliocheza michezo ya ubaoni, waliopiga ala za muziki na waliocheza dansi walipata dimenshia kwa uchache zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mchezo ndio uliowakinga, kwa kuwa anayeanza kudhoofika huacha michezo mapema. Hata hivyo, bao ukilitazama kwa undani lina karibu kila kitu ambacho wabunifu wa programu wanahangaika kukitengeneza: kuhesabu mbele bila kugusa, kuchagua kati ya kuilinda nyumba (lile shimo kuu) na kuila kete, kubadili mwendo kutoka hatua ya kunamua (kuingiza kete ubaoni) hadi mtaji (kucheza kwa kete zilizokwisha kuingia), na kumsoma mpinzani usoni.

Programu za bao kwenye simu zipo, lakini zinahesabu na kusambaza kete kwa niaba ya mchezaji. Hapo mchezo umebaki jina. Ninachopendekeza ni ubao wa mti wa kawaida, kete za kawaida, na mwenzako aliyehamia Dar es Salaam awe na ubao wake. Wewe unacheza kwa mkono, yeye anasikia sauti yako ikitaja shimo na upande, na anaucheza mwendo wako kwenye ubao wake kwa mkono wake. Kifaa kinalinganisha mbao mbili na kusema neno pale tu zinapotofautiana. Hakishauri, hakisifu, hakimwachii mtu ashinde. Matani ya baraza yanapita kwenye spika kama yalivyo, kwa sababu ndiyo nusu ya mchezo.

Kuhusu kifaa kukuanza kwa salamu, hapo kuna mjadala wa kweli. Ipo roboti ya mezani iitwayo ElliQ ambayo hufungua mazungumzo yenyewe, na mwaka 2022 ofisi ya wazee ya Jimbo la New York ilitangaza kuwagawia wazee zaidi ya 800. Waliobuni hivyo wana hoja: aliyezama katika upweke mara nyingi hana nguvu ya kuanza. Lakini wewe hujazama. Mtu mwenye ratiba yake ya swala, chai na magazeti angeachiwa apange mwenyewe saa ambazo kifaa kinaruhusiwa kusema, na saa nyingine zote kikae kama kabati.

#5 Mtoto wa Pemba

Assalaam alaykum. Niko Maskati, mama yangu yuko Wete peke yake pamoja na msichana wa kazi. Nasoma haya yote na nakubaliana nayo, ila niwe mkweli: mimi siku zote nilitafuta kifaa cha kunituliza mimi. Nataka kujua kwamba ameamka na ametia kitu tumboni. Niliweka kamera ya ukumbini, naye akatundika kitambaa juu yake, akasema hawezi kuvua mtandio nyumbani kwake kwa sababu yangu. Je, kuna njia ya mimi kuwa na amani bila yeye kuwa maonyesho?

#6 Fundi wa Mvita

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Njia ipo, na ni ya zamani. Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi ya Japani ilianza kutoa birika la umeme linalompelekea mtoto taarifa za jinsi mzazi anavyolitumia kwa maji ya chai. Hakuna kamera, hakuna kinasa sauti. Chai ikinywewa, mambo ni salama. Kwa mama wa Wete, kifaa kidogo kwenye soketi ya birika kinatosha kufanya kazi hiyohiyo, na fundi yeyote mwenye mita ya kupima mkondo anaweza kukiunganisha.

Hata hivyo birika linapeleka habari upande mmoja tu, na kwa mada ya uzi huu hiyo ndiyo kasoro yake. Wewe unamwangalia mama, mama hana wa kumwangalia. Ningeweka na cha pili kwa ajili yake: taa au kengele huko kwako ya kukujulisha kwamba hujamjibu, au kwamba swali lake la jana limebaki bila jibu. Mpe madaraka. Awe yeye ndiye mwenye kushika tarehe za arusi, nani amejifungua, nani anadai mchango wa nani, na kifaa kiwaulize ninyi watoto kwa sauti yake.

Sasa niseme ya ufundi, maana hapa ndipo miradi mingi inapozama.

Usikivu wa uzeeni huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, na vikengele vidogo vinavyofungwa kwenye vifaa vya bei nafuu hulia kwenye kilohezi 3 hadi 4, pale pale ambapo mzee hasikii vizuri. Watu husema "mzee hafuatilii", kumbe hakusikia. Tumieni sauti nene, na ya mtu ni bora kuliko mlio. Lenzi ya jicho nayo hugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda, hivyo taa ya buluu na ya kijani zinaanza kufanana. Mkitaka kutofautisha hali mbili, tumieni mahali na umbo, msitegemee rangi. Vidole vikavu havipokelewi vizuri na vioo vya kugusa, na mzee hubonyeza kwa kukaza, kioo kikadhani anataka jambo jingine. Kitufe cha kweli kinachozama na kutoa sauti "tak" kinashinda kioo chochote.

Umeme ukikatika na kurudi, kifaa kirudi pale kilipokuwa. Nimeona vinavyoamka vikidai nenosiri la waifai saa saba za usiku. Na mchakato wa sauti ufanyike ndani ya nyumba kadiri inavyowezekana, kwa sababu bando huisha na kampuni hufa. Roboti ya Jibo, iliyouzwa Marekani kuanzia 2017, ilipofikia 2019 ikawaaga wenye nayo kwa sauti yake yenyewe, ikisema seva zake zingezimwa karibuni. Kwa kijana hiyo ni habari ya kuchekesha. Kwa mjane aliyezoea kuzungumza nayo, sijui tungeiitaje.

Kuhusu Kiswahili cha Mwalimu: mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za Kiswahili zilizo wazi kwa yeyote kutumia. Anayejitolea kurekodi kwa kawaida ni kijana mwenye simu nzuri na bando. Mashine zikishafunzwa kwa sauti hizo, sauti ya mzee wa Mvita au wa Makunduchi, yenye mtetemo na mapengo ya meno, inakuwa ngeni kwao. Tukitaka vifaa viwasikie wazee, tuwapelekee wazee kinasa sauti kwanza.

Na ule ubao wa bao: usiweke mizani chini ya mashimo. Komwe, zile mbegu zinazotumika kama kete, hazilingani uzito, hesabu itapotea kabla ya mtaji. Weka kamera ndogo juu, iutazame ubao peke yake.

#7 Msomaji wa Nairobi

Nimesoma kwa makini na nasikia harufu ya anasa. Mzee anayepokea shilingi 2,000 za Inua Jamii, ruzuku ya serikali, kwa mwezi hapa Kenya ataununua ubao wenye kamera kwa fedha gani?

Tena kuna mambo ya bei nafuu yanayorukwa. Ripoti ya 2024 ya kamisheni ya jarida la Lancet ilitaja visababishi 14 vinavyoweza kurekebishwa, ambavyo kwa pamoja vinahusishwa na takriban asilimia 45 ya dimenshia duniani. Upungufu wa usikivu pekee ulipewa asilimia 7, upweke 5, na uoni hafifu usiotibiwa 2. Katika utafiti wa ACHIEVE wa Marekani, uliochapishwa 2023 na kuwahusisha watu 977, vifaa vya kusaidia kusikia havikuleta tofauti kwa kundi zima. Lakini kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi, kudhoofika kwa akili katika miaka 3 kulipungua kwa asilimia 48. Miwani, kifaa cha sikio, na kipimo cha presha kila mwezi. Hivyo kwanza. Mtu asiyesikia mazungumzo utamchangamshaje kwa mazungumzo?

Na mbona hamjagusa idhini? Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania ilitunga ya kwake 2022. Kumbukumbu za saa ngapi mtu ameamka, amesahau dawa mara ngapi, amekosea mwendo gani wa bao, ni taarifa za afya. Mama wa Wete alitundika kitambaa kwa sababu hakuulizwa.

#8 Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mleta uzi. Ndugu wa Nairobi amesema la msingi, nami nina ushahidi: nilikaa miaka nikidhani vijana siku hizi wanamung'unya maneno, hadi nilipopimwa masikio.

Ule ubao naukubali, kwa sharti kwamba nikitaka kuuzima, uzimike kwangu, si kwa mwanangu.

#9 Mtoto wa Pemba

Nimezungumza na mama jana usiku. Birika amelikubali. Kamera hataki kuisikia. Amesema pia kwamba kama kutakuwa na cha kuniuliza mimi maswali kwa sauti yake, basi cha kwanza kitakuwa kuhusu suala ambalo nadhani akina mama wote wa Wete wanawauliza watoto wao walio Maskati, na sitaliandika hapa.

#10 Mleta uzi

Nijibu yaliyobaki, kwa mpangilio wa uzito wake.

Muuguzi, nimekubali kuhusu ngazi. Muundo unaotokana na hoja yako ni wa pande mbili: kwa aliye timamu madokezo yapande kutoka dogo hadi kubwa, kwa mwenye dimenshia msaada ushuke kutoka kamili hadi kidogo, na uamuzi wa kuhama kutoka upande mmoja hadi mwingine ufanywe na mtu anayemjua mzee, kwa kushirikiana naye. Mashine iruhusiwe kupendekeza tu. Lile la mabadiliko ya ghafla ningeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi wowote.

Ndugu wa Nairobi, mpangilio wako ni sahihi: sikio na jicho kwanza. Nitakupinga kwenye neno anasa. I-CONECT ilihitaji skrini, intaneti na mtu mwenye dakika 30. Huku kwetu tayari kuna simu, na dakika 30 wanazo wajukuu wengi wa sekondari wakati wa likizo. Kinachokosekana ni mada na utaratibu. Mtu akiandaa picha za kujadili wiki baada ya wiki, zenye maswali ya maoni kama lile la kanga, pamoja na ratiba inayomkumbusha mjukuu badala ya kumkumbusha mzee, atakuwa amejenga sehemu kubwa ya ninachokitaka bila kununua kifaa kipya. Ubao wa bao uje baadaye, kwa watakaoumudu, au uwekwe barazani na utumiwe na wengi.

Kuhusu idhini, sharti la Mwalimu linatosha kuwa kanuni ya ubunifu: swichi iwe mkononi mwa mzee. Naongeza kwamba kumbukumbu asomewe yeye kwanza, kwa lugha ya kawaida, kabla hazijamfikia mtoto, na aruhusiwe kusema ipi isipelekwe.

Bado kuna swali la kupima, kwa sababu mfadhili yeyote atauliza. Singetumia alama za michezo, maana tumeona zinapanda bila akili kupanda. Ningehesabu mambo ambayo mzee aliyaanzisha mwenyewe ndani ya wiki: simu alizopiga bila kukumbushwa, dawa alizozinywa katika ngazi ya kwanza, LUKU alizoziingiza kwa mkono wake, mara alizokataa pendekezo la kifaa na kufanya analolitaka. Hesabu hiyo ikibaki palepale kwa mwaka kwa mtu wa miaka 78, mimi ningeona kifaa kimefanya kazi yake. Ikishuka huku kifaa kikitumika zaidi, kiondolewe.

Fundi, naomba mchoro wa ile kamera ya ubao na makadirio ya gharama yake, na Muuguzi, ukipata nafasi, mada kumi za kuanzia zinazowafaa wazee wa mikoa tofauti. Nitazikusanya na kuzibandika hapa chini.